Baada ya Mpira, Nani Atashika Mpira wa Maji?

Juma hili naomba nianzie ndani ya treni.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 23 Agosti, 2025. Usiku uliotangulia nilikuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, nikitangaza robo fainali ya CHAN, yale mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani ambayo Tanzania, Kenya na Uganda ziliyaandaa kwa pamoja. Yaliyotokea mnayakumbuka. Morocco walitufunga bao 1 kwa 0, bao la kipindi cha pili, na safari ya Taifa Stars ikaishia pale. Asubuhi nikapanda treni ya umeme kurudi nyumbani Dodoma, macho mekundu, sauti imenikauka. Behewa zima lilikuwa linachambua mechi. Kila abiria alikuwa kocha.

Kabla hatujafika Morogoro, mzee mmoja wa Chamwino, aliyekuwa kimya muda wote kofia ikiwa magotini, akanigeukia. "Mwanangu," akasema, "hao waliotufunga jana, si ndio wale tunaowadai uwanja?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Lakini treni ilipoingia kwenye mahandaki baada ya Kilosa, na simu zikapoteza mtandao, swali la mzee lilikuwa bado limenikalia kichwani. Kwani mzee hakukosea.

Kwa vijana ambao hawakumbuki, nieleze. Mwezi Oktoba 2016, Mfalme Mohammed VI wa Morocco alikuja Tanzania kwa ziara ya kiserikali. Mikataba mingi ilitiwa saini. Rais John Magufuli akawaeleza wananchi kwamba alikuwa amemwomba mgeni wake mambo mawili: msikiti mkubwa Dar es Salaam, na uwanja mkubwa wa mpira hapa Dodoma. Mfalme akakubali yote mawili. Hiyo ilikuwa miezi mitatu tu tangu Rais atangaze kwamba Serikali sasa inahamia Dodoma kweli kweli, baada ya uamuzi huo kusubiri tangu mwaka 1973. Mji ulikuwa na shamrashamra. Nzuguni ikatajwa kuwa ndipo uwanja utakapojengwa, na nawafahamu watu wawili, mmoja ni shemeji yangu, walionunua viwanja upande ule kwa hesabu kwamba siku moja watafungua nyumba ya wageni mkabala na geti la uwanja.

Msikiti ulijengwa. Nenda Kinondoni utauona, na ni mzuri. Uwanja haukufika. Miaka ikapita, na baadaye Serikali yenyewe ikatangaza kwamba itaujenga.

Simsemi mfalme vibaya. Zawadi hailazimishwi. Lakini sisi wa habari tunapaswa kuangalia kalenda. Morocco ilijitoa katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1984 kwa sababu ya Sahara Magharibi, na Januari 2017 ikapokelewa katika Umoja wa Afrika. Ziara ya Oktoba 2016 iko katikati ya kampeni hiyo, na Tanzania ni nchi iliyowatambua Wasahrawi siku nyingi. Uwanja wa mpira ni chombo cha diplomasia kama kilivyo kikombe cha chai. Tena si Morocco iliyoanza.

Hebu tuvihesabu vile vikubwa tunavyovijua. Amaan, Zanzibar, ulifunguliwa mwaka 1970, na waliosaidia kuujenga ni Wachina. Kasarani, Nairobi, mwaka 1987, Wachina. Namboole, Kampala, uliopewa jina la Mandela, mwaka 1997, Wachina. Ule wa Dar es Salaam, viti 60,000, mwaka 2007, Wachina tena. Arusha nako, ule ulioanza kujengwa mwaka 2024 kwa ajili ya AFCON ya 2027, mkandarasi ni kampuni ya Kichina, ingawa safari hii fedha ni za Serikali yetu. Nusu karne hii Afrika Mashariki tumejua sana kupokea viwanja. Je, tumejifunza kuishi navyo?

Kwa swali hilo hakuna shahidi mzuri kuliko Kasarani.

Kasarani ulijengwa kwa sababu ya wageni. Kenya ilikuwa imepewa Michezo ya Nne ya Afrika Nzima, iliyofanyika Agosti 1987. Haukujengwa uwanja peke yake. Lilikuwamo jumba la michezo ya ndani na bwawa la kuogelea. Timu ya mpira ya Kenya ilifika fainali mbele ya watu wake ikafungwa na Misri bao 1 kwa 0. Machozi ya siku ile Wakenya wa rika la kaka zangu wanayasimulia hadi leo. Wageni wakaondoka. Zege likabaki.

Na nini kilifuata? Kenya ilipewa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1996. Hungedhani kwamba nchi yenye uwanja wa watu 60,000, uliokuwa bado mpya, ingeshindwa maandalizi. Ilishindwa. Mashindano yakahamia Afrika Kusini, nao wakalitwaa kombe lenyewe. Ikapewa CHAN ya mwaka 2018. Septemba 2017 ikanyang'anywa kwa sababu ya maandalizi kuchelewa, na mashindano yakapelekwa wapi? Morocco. Morocco wakalichukua. Ukiangalia kwa makini utaona jina hilo moja linatufuata kama kivuli saa kumi jioni.

Mimi niliingia Kasarani kwa mara ya kwanza Julai 2017, kwenye mashindano ya riadha ya dunia ya vijana walio chini ya miaka 18. Redio ilinilipia basi, si ndege. Siku ya mwisho watu walijaa mpaka kwenye ngazi, wakiwashangilia watoto wa kila taifa, hata wa mwisho. Nimehudhuria michezo mingi lakini sijasikia kelele ile tena. Pembeni yangu alikaa mwandishi wa Nairobi, mtu mzima kuliko mimi, ambaye alikuwepo mwaka 1987 akiwa mwanafunzi. Nikamwuliza, huu uwanja umewafanyia nini Wakenya miaka thelathini hii? Akainua vidole akaanza kuhesabu: riadha, mechi za Gor Mahia, mahubiri ya wageni kutoka Marekani, kuapishwa kwa rais. Akanyamaza. Kisha akasema, "Na 2014."

Mwaka 2014, mwezi Aprili, baada ya mashambulizi ya kigaidi, polisi wa Kenya waliwakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na uwanja wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuwashikilia na kuwahoji. Mama na watoto wao. Mahali palipojengwa ili Afrika nzima ikutane, watu wakawekwa kwa sababu ya sura na jina. Mwandishi yule alikuwa ametumwa kuripoti akazuiwa getini. Alisema alisimama nje akiwa na kitambulisho chake, akatazama lile paa, akakumbuka kwamba mwaka 1987 alipita geti lile lile kwa tiketi ya mwanafunzi.

Ndugu msikilizaji, sikuleta habari hii kuwasuta jirani zetu. Namboole nako, mwaka 2021, wakati wa ule ugonjwa wa korona, pakageuzwa pa kulaza wagonjwa, na hilo lilikuwa jambo jema. Ninachosema ni kwamba jengo kubwa likishakuwepo, matumizi yake hayaamuliwi na wale waliolifungua kwa mkasi na utepe. Yanaamuliwa na aliye na funguo.

Tuje kwetu. Uwanja wa Dar es Salaam, ambao ulipewa jina la Rais Mkapa baada ya kifo chake mwaka 2020, umetupa mengi, tusikufuru. Tarehe 7 Juni, 2010, Brazil walikuja pale kabla ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Walitufunga 5 kwa 1, na hilo bao letu moja, la Jabir Aziz, kuna watu hadi leo wanaliadhimisha kama Saba Saba. Mwaka 2019 tuliandaa AFCON ya vijana wa chini ya miaka 17, tukafungwa mechi zote tatu, ya kwanza 5 kwa 4 na Nigeria. Yanga wamecheza pale fainali ya Kombe la Shirikisho, mwaka 2023. Mwaka 2025 ikaja zamu ya Simba kucheza fainali ile ile, na wapinzani, hamtaamini, ni Berkane wa Morocco. Nchi nzima ikajiandaa kujaza Mkapa. CAF ikaamua marudiano yachezwe Amaan, Zanzibar. Kwa nini? Hali ya uwanja. Eneo la kuchezea halikufaa baada ya mvua.

Viti vyote vipo, taa zipo, paa lipo. Kilichokosekana ni nyasi. Siku ya mwaka ambayo tuliuhitaji uwanja kuliko siku zote, kitu kilichotuangusha ndicho cha bei ya chini kuliko vyote mle ndani. Kila nilipolikumbuka jambo lile, nilimkumbuka mzee mmoja wa hapa Dodoma.

Mimi ni mtoto wa Dodoma wa miaka ya themanini. Tulipokuwa wadogo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Uwanja wa Jamhuri ndio uliokuwa dunia yetu. Hela ya kiingilio hatukuwa nayo, kwa hiyo tulipanda miarobaini iliyokuwa nje ya ukuta. Asubuhi siku za shule tulipita getini tukimwona mzee mtunza uwanja, kaptula ya kaki, miguu mitupu, tukimwita Babu Mpira. Kwa akili zetu tulidhani aliitwa hivyo kwa kuwa aliwahi kuwa mchezaji hodari. Nilipokuwa darasa la sita ndipo mama yangu aliponieleza, huku akicheka, kwamba mzee yule hajawahi kupiga danadana maishani mwake. Mpira uliompa jina ni ule wa maji. Aliuburura tangu alfajiri kutoka kona hadi kona, na maji yalipokatika, jambo ambalo Dodoma si habari, aliwaomba wenye mikokoteni wamletee madumu, akamwagilia magoli mawili tu, pale makipa wanapoangukia. Sehemu nyingine aliiachia Mungu.

Kwa hiyo siku hizi ninaposikia habari za uwanja mpya, huwa sianzi na viti. Naanza na hesabu ya Babu Mpira. Uwanja wa kiwango cha kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Zidisha, unapata mita za mraba 7,140. Jua la hapa kwetu mwezi wa Septemba, pamoja na upepo ule unaopeperusha mabati, laweza kukausha milimita 5 za maji kwa siku. Ukitaka kuzirudisha, unahitaji lita 35,700. Kwa madumu yetu ya lita 20, ni madumu 1,785. Kila siku. Na kiangazi cha Dodoma si cha juma moja. Kuanzia Mei hadi Novemba tunaangalia mawingu yakipita kwenda kunyesha kwa wengine.

Mji huu wakati wa sensa ya 2022 ulikuwa na watu zaidi ya laki 7 na nusu, na maji yake kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe, kama yalivyotoka nilipokuwa mtoto na mji ukiwa mdogo. Wapo watu Nzuguni hiyo hiyo wanaolala na ndoo chini ya bomba wakingoja zamu yao. Siku watakapoona majani ya kijani yakirushiwa maji saa sita mchana, ng'ambo ya uzio, mtawaeleza nini? Mtaniambia yako maji yaliyosafishwa kutoka mifereji ya maji machafu, ziko nyasi bandia. Sawa. Basi tuyaone kwenye michoro kabla ya mkasi na utepe.

Hayo ni maji. Kuna na funguo. Uwanja wa Jamhuri ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kama ulivyo Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya, Sheikh Amri Abeid wa Arusha na Ali Hassan Mwinyi wa Tabora. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viwanja vilibaki chamani. Wako wanaosema vilijengwa kwa jasho la wananchi wote enzi za chama kimoja, na wako wanaosema ni mali halali ya chama. Ubishi huo ni wa bungeni, sitauhamishia hapa. Mimi nataka kujua dogo zaidi: timu ya halmashauri, Dodoma Jiji, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2020, imekuwa mpangaji mjini kwake. Uwanja mpya utakapokamilika, nani mwenye nyumba? Jiji? Wizara? Mkandarasi wa usafi aliyeshinda zabuni? Na mwalimu wa michezo wa shule ya msingi Ipagala akitaka kuwapeleka watoto wake pale Jumanne asubuhi, atapeleka barua kwa nani, na atatozwa shilingi ngapi?

Nasema hivyo kwa sababu tambarare hii ya kati haijawahi kungoja uwanja ili izae wanamichezo. Juma Ikangaa alizaliwa mkoa huu wa Dodoma mwaka 1957. Akashinda marathoni ya Tokyo mwaka 1984, akawa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na Novemba 1989 akashinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Kaskazini yetu, Hanang, akatoka Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Barabara na vumbi ndivyo vilivyokuwa viwanja vyao. Na tusisahau kwamba wakati mwingine jina letu limekua kwa mashindano ambayo hatukwenda. Mwaka 1976 Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa ajili ya Afrika Kusini, na Filbert Bayi, aliyekuwa na uwezo wa kuishangaza dunia, akabaki nyumbani. Watu wa Montreal wao walibaki na uwanja ambao deni lake walimaliza kulilipa mwaka 2006. Miaka thelathini! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa michezo alikuwa anakatwa kodi ya uwanja mpaka amepata watoto wake mwenyewe.

Sasa msinifanye adui wa maendeleo. Nautaka uwanja huu. Nimeungoja tangu nikiwa juu ya mwarobaini. Siku Dodoma itakapopokea mechi ya kimataifa ya haja, nitakuwa wa kwanza kwenye kibanda cha watangazaji, hata kama itanibidi nilale humo. Najua pia raha ya wageni. Mama mmoja muuza chakula pale Nzuguni, ambaye huwa namnunulia wali na mlenda, aliwahi kuniambia kwamba zile siku nane za Nanenane anauza kuliko miezi mitatu mingine. Nikamwuliza, na baada ya tarehe 8? Akafunika sufuria. "Baada ya hapo, baba, ni mimi na ng'ombe wa maonyesho, nao wanaondoka tarehe 9."

Mama yule anajua habari za mashindano makubwa kuliko washauri wengi wenye kompyuta. Viwanja vya Nanenane viko hatua chache kutoka kibanda chake. Vina uzio, vina mabanda, vina barabara. Agosti huwezi kupenya. Njoo Februari.

Lakini ratiba inaweza kupangwa. Uwanja wa Nzuguni unaweza kuwa na njia ya kukimbilia ya kuwarithi akina Ikangaa, ukawa wazi kwa shule siku nne za juma, ukawa nyumbani kwa Dodoma Jiji kwa mkataba unaosomeka, na vibanda vya kina mama vikawa sehemu ya ramani badala ya kuwa kitu cha kufukuzwa asubuhi ya mechi. Hayo hayahitaji mfalme. Yanahitaji karatasi moja yenye majina: fulani anatunza nyasi, fulani analipa maji, fulani anashika funguo, na ikifika Ijumaa hela ya dizeli ya jenereta inatoka fungu lipi. Kasarani mwaka 1987 walikuwa na nyimbo, bendera na wageni kutoka bara zima. Karatasi hiyo sina hakika kama aliyekuwa nayo aliisoma.

Treni ilipokaribia Dodoma, mashamba ya zabibu yakiwa yamekauka pande zote, mzee wa Chamwino akavaa kofia yake. Nikamwambia, mzee wangu, wale hatuwadai tena, sasa uwanja tunajenga wenyewe. Akafikiri kidogo.

"Vizuri," akasema. "Na nyasi?"

Nikamwambia nitauliza. Juma lile lile nikaenda ofisi moja hapa mjini, nikapokewa vizuri, nikaonyeshwa picha ya uwanja iliyochorwa kwa kompyuta, majani ya kijani kibichi na watu wamejaa. Nikaandika swali langu kwenye karatasi kama nilivyoelekezwa, nikaacha na namba ya simu. Nikipigiwa, nitawasomea jibu hapa hapa.